Hakimu Akibadilishwa Kesi Ikiwa Katikati: Mwongozo kwa Mshtakiwa na Ndugu Zake

Katika mahakama za wilaya za Mkoa wa Dodoma, kuanzia Kondoa na Chemba hadi Kongwa na Mpwapwa, hutokea mshtakiwa akapandishwa kizimbani na kumkuta mbele yake hakimu asiyemfahamu, ilhali mashahidi watatu au wanne walikwisha kutoa ushahidi mbele ya hakimu mwingine. Yule wa kwanza amehamishwa kituo, anaumwa, amekwenda masomoni, ameteuliwa kuwa Jaji, au amefariki dunia. Sheria inaruhusu kesi iendelee, lakini kwa masharti, na masharti hayo hayajitekelezi yenyewe. Mshtakiwa asiyesema neno siku hiyo ya kwanza huja kugundua wakati wa rufaa kwamba kile alichokuwa nacho moyoni hakimo katika kumbukumbu za mahakama, na mahakama ya rufaa husoma kumbukumbu tu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mshtakiwa asiye na wakili, ndugu zake wanaofuatilia kesi, na msaidizi wa kisheria anayewasaidia. Unahusu mahakama za wilaya, mahakama za hakimu mkazi na Mahakama Kuu. Mahakama za mwanzo zina kanuni zao za mwenendo wa jinai, kwa hiyo vifungu vitakavyotajwa hapa visitumike huko. Namba za vifungu ni zile zilizozoeleka katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kama ilivyokuwa katika Toleo la 2022. Sheria zinaporekebishwa na kuchapishwa upya namba zinaweza kusogea, hivyo kabla ya kutaja kifungu mahakamani linganisha na toleo linalotumika.

Sheria inasema nini

Kwa mahakimu, kifungu kikuu ni cha 214. Kifungu hicho kinasema kwamba hakimu aliyesikiliza ushahidi wote au sehemu yake akishindwa kwa sababu yoyote kumaliza kesi, au kushindwa kuimaliza ndani ya muda unaofaa, hakimu mwingine mwenye mamlaka anaweza kuipokea na kuiendeleza. Hakimu huyo wa pili anaweza kutumia ushahidi ulioandikwa na mwenzake, na anaweza pia, akiona ni lazima, kuwaita mashahidi tena na kuianza kesi upya. Kwa majaji wa Mahakama Kuu, utaratibu unaofanana na huo umo katika kifungu cha 299.

Maneno ya kuangaliwa sana ni “akiona ni lazima”. Nchini Kenya, kifungu cha 200(3) cha sheria yao ya mwenendo wa jinai kinampa mshtakiwa haki ya kudai mashahidi waitwe tena, na kinamtaka hakimu mpya amweleze mshtakiwa haki hiyo. Kwetu uamuzi umeachwa mikononi mwa hakimu. Watu wengi waliosikia habari za Kenya huenda mahakamani wakidhani kwamba wakikataa tu, kesi itaanza mwanzo. Sivyo. Kwetu mshtakiwa huomba na kutoa sababu, na hakimu huamua.

Kwa nini basi jambo hili liguse haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, ambayo ipo katika ibara ya 13(6)(a) ya Katiba? Ni kwa sababu karatasi haioni. Mahakama ya Rufaa ya Tanzania ililieleza jambo hili katika shauri la kampuni ya Georges Centre dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Rufaa ya Madai Na. 29 ya 2016: anayemwona na kumsikia shahidi ndiye aliye katika nafasi nzuri zaidi ya kupima kama anaaminika, kwa hiyo aliyeanza kusikiliza shauri ndiye anayepaswa kulimaliza, isipokuwa kuna sababu inayomzuia. Shauri lile lilikuwa la madai, lakini hoja yake ina uzito mkubwa zaidi pale ambapo anayesubiri hukumu anaweza kufungwa miaka 30.

Hatua ya kwanza: jua kesi imefikia wapi

Kabla ya kulalamika, hakikisha ushahidi umeanza kusikilizwa. Kesi ikiwa bado inatajwa tu, au mshtakiwa amekwisha kusomewa mashtaka na kukana lakini hakuna shahidi aliyepanda kizimbani, mabadiliko ya hakimu hayana madhara ya kuzungumziwa. Mahakimu hupokezana tarehe za kutajwa kila wiki, na kupinga jambo hilo ni kupoteza nguvu bure.

Ushahidi ukiwa umeanza, andika mahali pamoja ni mashahidi wangapi wamesikilizwa, majina yao au namba zao, tarehe walizotoa ushahidi, na vielelezo vilivyopokelewa. Ndugu aliyekuwa akikaa kwenye benchi la nyuma kila tarehe ndiye mwenye msaada mkubwa hapa, hasa kama mshtakiwa yuko mahabusu katika gereza la Isanga na hawezi kutunza daftari lake vizuri.

Hatua ya pili: hakikisha sababu imeandikwa

Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, na inafanyika kwa dakika mbili. Mahakama ya Rufaa imesema katika maamuzi kadhaa kwamba sababu ya hakimu wa kwanza kushindwa kuendelea lazima ionekane katika mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu zilizoandikwa za kesi, la sivyo mtu yeyote angeweza kuchukua jalada lolote kwa sababu zake binafsi na kuliamua. Katika baadhi ya maamuzi hayo mahakama ilikwenda mbali zaidi na kusema kwamba kuandikwa kwa sababu ndiko kunakompa hakimu wa pili mamlaka, na isipoandikwa basi yote aliyoyafanya ni batili.

Ingizo la namna hii katika jalada ndilo linalotakiwa: “Shauri hili lilikuwa mbele ya Mheshimiwa fulani, Hakimu Mkazi, ambaye amesikiliza mashahidi wanne wa upande wa mashtaka. Amehamishiwa kituo kingine cha kazi na hawezi kuendelea. Limepangwa kwangu na Hakimu Mkazi Mfawidhi. Mshtakiwa amejulishwa.” Kisha tarehe na sahihi. Ingizo linalosema tu “hakimu mwenye shauri hayupo, nimelipokea” halitoshi, kwa kuwa asiyekuwepo leo anaweza kuwepo kesho.

Hakimu mpya asipoeleza lolote, mshtakiwa ainuke na kusema kwa adabu: “Mheshimiwa, naomba nijulishwe kwa nini Mheshimiwa aliyekuwa akinisikiliza hayupo, na naomba sababu hiyo iandikwe kwenye jalada.” Ombi hilo si utovu wa nidhamu, na sijaona kwa nini hakimu makini aliudhike nalo, maana linamlinda yeye pia.

Ipime sababu inayotolewa. Uhamisho, maradhi ya muda mrefu, kifo na uteuzi wa ujaji ni sababu za kawaida. Likizo ya wiki mbili haifanani na hizo. Hapo inafaa kuuliza kama kesi haiwezi kusubiri. Kustaafu kwa Jaji wa Mahakama Kuu kuna jambo lake ambalo wachache hulikumbuka: ibara ya 110 ya Katiba inamwezesha Jaji aliyefikisha umri wa kustaafu kumalizia mashauri aliyokwisha kuanza kuyasikiliza. Kwa hiyo umri peke yake haumtoi katika kesi aliyoianza, na wakili anaweza kuhoji kama njia hiyo ilifikiriwa.

Wapo pia mahakimu wanaojitoa wenyewe au wanaoombwa na upande mmoja wajitoe kwa kuhofiwa kuwa na upendeleo. Mshtakiwa anayefikiria kumwomba hakimu ajitoe ajue kwamba hofu tupu haitoshi, na kwamba akikubaliwa atakuwa ameuleta mwenyewe mkasa wote unaoelezwa humu.

Hatua ya tatu: pata mwenendo na uusome kwa jicho la asiyekuwepo

Omba nakala ya mwenendo wa shauri mpaka hapo ulipofikia, au angalau omba hakimu akupe fursa ya kuusoma au kusomewa kabla ya shahidi anayefuata. Peleka ombi kwa maandishi masijala na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini bado utakutana na majalada yenye kurasa za Kiingereza. Hapo mwombe msaidizi wa kisheria mkae mzisome pamoja, mstari kwa mstari.

Jifanye ni mtu ambaye hakuwa ndani ya chumba cha mahakama. Je, swali ulilomuuliza shahidi limeandikwa, au limeandikwa jibu tu ambalo bila swali lake halieleweki? Je, shahidi aliponyamaza muda mrefu, alipoangalia ukutani, alipobadilisha jibu baada ya wakili wa serikali kusimama, hakimu aliandika neno lolote? Kifungu cha 212 kinamtaka hakimu aandike aliyoyaona kuhusu namna shahidi alivyojiweka wakati akitoa ushahidi, pale anapoona yana maana. Ukweli ni kwamba mara nyingi mahali hapo huwa patupu, na upatupu huo ndio hoja yako kubwa, kwa kuwa kama hakuna kilichoandikwa, hakimu wa pili hana pa kuukopa uoni wa mwenzake.

Angalia pia kama ushahidi wa kila shahidi una sahihi ya hakimu aliyeuandika, kama vielelezo vilivyopokelewa vilisomwa kwa sauti baada ya kupokelewa, na kama kurasa zinafuatana. Kasoro hizo ni rahisi kusahihishwa au kuombewa shahidi mapema kuliko kuja kuzigombania baada ya hukumu.

Hatua ya nne: chagua shahidi, usiombe wote

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Kuomba kesi nzima ianze upya kuna bei, na anayelipa mara nyingi ni mshtakiwa. Chukua kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha, ambayo haina dhamana. Mashahidi wanne wamekwisha kusikilizwa, wawili wanaishi vijijini Chemba, na mvua zimeanza. Mwezi wa kwanza na wa pili huku kwetu watu wako mashambani, mabonde yamejaa maji, na wito wa mahakama unaweza kukaa kwa mtendaji wa kijiji hadi tarehe ipite. Muda wote huo mshtakiwa yuko mahabusu. Zaidi ya hayo, shahidi aliyejikanganya mara ya kwanza amekwisha kujua alipojikwaa, na akirudi hatajikwaa hapo tena. Kama ushahidi ulioandikwa ni dhaifu, uache ulivyo. Hakimu mpya atausoma udhaifu huo akiwa ametulia.

Omba shahidi yule tu ambaye kesi inasimama au kuanguka kwa kuaminika kwake. Kwa kawaida ni shahidi wa utambuzi. Katika mfano wetu, mwenye duka anasema alimtambua mshtakiwa saa tano usiku kwa mwanga wa taa ya sola. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufaa imeelekeza kwamba utambuzi wa namna hiyo upimwe kwa makini: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, umbali ulikuwa hatua ngapi, mwanga ulikuwa na nguvu kiasi gani na ulitoka wapi, na kama walifahamiana kabla. Jibu la “mwanga ulikuwa wa kutosha” likiwa kwenye karatasi huonekana imara. Likitoka kinywani mwa mtu anayesitasita, anayeonyesha kwa mkono umbali wa kutoka kizimba chake hadi mlangoni kisha akaurudisha mkono na kuonyesha meza ya karani, ni jambo jingine kabisa. Huyo ndiye wa kuombwa arudi.

Mwingine ni askari aliyeandika maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mshtakiwa yaliyochukuliwa polisi baada ya kuonywa, ambayo mshtakiwa anayakana kwa madai ya kupigwa. Daktari aliyejaza fomu ya polisi ya matibabu (PF3), mkemia na mpima ramani hawana haja ya kurudishwa, isipokuwa kama kuna swali mahususi ambalo halikuulizwa. Katika kesi za ukatili wa kijinsia ambapo shahidi mkuu ni mtoto, tafakari sana: mahakama ina wajibu wa kumlinda mtoto asirudie simulizi hiyo bila sababu, na ombi lisilo na hoja ya wazi litaonekana kama njia ya kumtesa. Hata hivyo, kama hukumu yote itategemea neno la mtoto huyo peke yake, ombi bado lina nafasi, na ni afadhali likataliwe kwa sababu zilizoandikwa kuliko lisitolewe kabisa.

Hatua ya tano: toa ombi, na uhakikishe limeandikwa

Litoe siku ya kwanza mbele ya hakimu mpya, kabla shahidi anayefuata hajaapishwa. Linaweza kuwa la mdomo. Mfano: “Mheshimiwa, kwa mujibu wa kifungu cha 214 naomba shahidi wa pili wa upande wa mashtaka aitwe tena. Kesi hii inategemea utambuzi wake. Mwenendo hauonyeshi lolote kuhusu namna alivyojiweka kizimbani, na Mheshimiwa hukupata nafasi ya kumwona.” Upande wa Jamhuri utajibu, pengine kwa kusema kwamba shahidi yuko mbali au kwamba ombi linachelewesha kesi. Jibu la kuchelewesha lijibiwe kwa idadi: ni shahidi mmoja, si wanne.

Kisha hakimu atatoa uamuzi mdogo. Akikubali, vema. Akikataa, omba sababu ziandikwe, na uendelee na kesi bila kususa. Mshtakiwa anayegoma kujitetea kwa hasira ya ombi kukataliwa hujinyima nafasi ambayo hakuna mahakama itakayomrudishia kwa urahisi.

Mshtakiwa anayeridhika kesi iendelee ilipoishia naye aseme hivyo kwa sauti. Akubali akijua anachokikubali, kwa sababu neno hilo litaandikwa, na litanukuliwa dhidi yake kama atakuja kulalamika baadaye.

Mizani hii iliwahi kupimwa hapa hapa Tanzania, jijini Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Katika kesi ya Butare, iliyopewa jina la mkoa huo wa Rwanda na kuanza mwaka 2001, Jaji Maqutu hakuchaguliwa tena mwaka 2003 wakati mashahidi wengi walikwisha kusikilizwa. Majaji wawili waliobaki waliamua kesi iendelee na Jaji mpya, na Chumba cha Rufaa kikakubaliana nao. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Karemera na wenzake, Jaji mmoja alijitoa, na safari hii Chumba cha Rufaa kilikataa kesi iendelee. Ikaanzwa upya mwaka 2005. Mahakama ni ile ile na swali ni lile lile, majibu mawili. Kila mara kiliangaliwa kiasi cha ushahidi uliokwisha kusikilizwa, namna mabadiliko yalivyotokea, na kama washtakiwa walipewa nafasi ya kusikilizwa kuhusu mabadiliko hayo. Ikumbukwe pia kwamba Arusha walikuwa majaji watatu, na wawili waliwaona mashahidi wote. Kwenye mahakama ya wilaya hakimu ni mmoja, hakuna mwenzake wa kumkumbusha shahidi alionekanaje, na kwa hiyo hoja ya mshtakiwa wa Kongwa ina nguvu zaidi.

Hatua ya sita: wakati wa hukumu

Ikiwa hakimu wa kwanza alisikiliza ushahidi wote na akaandika hukumu kabla ya kuondoka, kifungu cha 214(3) kinaruhusu hakimu aliyepokea jalada aisome hukumu hiyo na kutoa adhabu. Hilo ni salama, maana aliyeona ndiye aliyeamua. Angalia tu kwamba hukumu ina sahihi ya aliyeiandika.

Hukumu ikiandikwa na hakimu wa pili, wa tatu au wa nne, mshtakiwa au wakili wake aombe kutoa hoja za mwisho, na ndani yake awataje kwa namba mashahidi ambao hakimu huyo hakuwaona, kisha aombe wasiaminiwe kwa misingi ya mwonekano. Hakimu ambaye hakuwepo hawezi kuandika kwamba shahidi “alionekana mkweli”. Anaweza kusema ushahidi unalingana na vielelezo, au unapatana na wa mashahidi wengine. Sentensi ya aina ile ya kwanza ukiikuta katika hukumu, itie alama.

Hatua ya saba: rufaa

Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe huwasilishwa ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo. Haya yamo katika kifungu cha 361. Mfungwa hutoa kusudio lake kupitia kwa mkuu wa gereza, na ahakikishe linapigwa muhuri siku hiyo hiyo. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa, notisi hutolewa ndani ya siku 30.

Sababu ya rufaa isiishie kwenye maneno “hakimu alibadilishwa kinyume cha sheria”. Kifungu cha 214(2) kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kutengua hatia endapo itaona mshtakiwa ameathirika kwa kiasi cha maana, na kifungu cha 388 kinazuia hukumu kutenguliwa kwa kasoro ambayo haikuleta upotevu wa haki. Ingawa maamuzi ya awali yalikuwa makali, katika miaka ya karibuni Mahakama ya Rufaa imekuwa ikiuliza pia mshtakiwa alidhurika vipi. Kwa hiyo andika madhara yenyewe: kwamba sababu ya mabadiliko haimo ukurasa wowote, kwamba mrufani aliomba shahidi wa pili aitwe, ukurasa fulani, akakataliwa bila sababu, kwamba hukumu, ukurasa fulani, imemwamini shahidi huyo kwa mwonekano ambao aliyeiandika hakuuona.

Rufaa ikikubaliwa, matokeo ya kawaida ni kesi kurudishwa isikilizwe upya, au iendelee kuanzia pale hakimu wa pili alipoipokea. Kuachiwa huru moja kwa moja ni kwa nadra. Lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki wa mwaka 1966, kesi hairudishwi ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kama ushahidi uliopo hautoshi hata ukichukuliwa wote kuwa kweli, mrufani aliseme hilo waziwazi na aombe kesi isirudishwe. Na kama kurudishwa hakuepukiki, aombe mambo mawili yaandikwe katika amri: kwamba kesi isikilizwe kwa haraka mbele ya hakimu mwingine, na kwamba endapo atatiwa hatiani tena, muda aliokwisha kukaa gerezani uhesabiwe katika adhabu.